Shawa ya Papo Hapo au Hita ya Tangi? Piga Hesabu ya Tokeni Kwanza

Baridi ya Juni na Julai ikiingia, swali huwa ni lilelile: tung'oe hita ya tangi tuweke shawa ya papo hapo, ile wengi huiita instanti? Muuzaji atakuambia inaokoa stima. Jirani atakuambia inamaliza tokeni kama moto kwenye nyasi kavu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli, kila mmoja kwa nyumba yake. Tuangalie yako, na tuanze na kitu ambacho tayari uko nacho: meseji za tokeni kwenye simu.

Joto ni lilelile, tofauti ni lita

Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 40 kunahitaji karibu nusu yuniti ya stima. Utumie koili kwenye ndoo, tangi au shawa, hesabu haibadiliki. Hakuna mashine inayopasha maji bure. Kinachotofautisha bili ni mambo mawili: unatumia lita ngapi, na joto kiasi gani linapotea kabla hujaoga.

Chukua shawa ya kilowati 5.5. Ikiwaka dakika 5 inakula karibu yuniti 0.46. Watu wanne wakioga dakika 5 kila siku, hiyo ni yuniti 1.8 kwa siku, au 55 kwa mwezi. Wakizoea dakika 10, zinakuwa 110. Mashine ni ileile, watu ni walewale, lakini tokeni zimekwenda mara mbili.

Sasa chukua tangi la lita 50. Kulipasha kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunakula karibu yuniti 2.4. Ukichanganya na maji baridi unapata takriban lita 95 za kuogea, zinazotosha watu wanne wakifuatana asubuhi. Hapo tangi halina hasara kubwa. Hasara inakuja ukiwa unaishi peke yako na unaoga lita 18 tu. Maji yaliyobaki yanapoa taratibu, na stima uliyolipia inaishia ukutani. Ukiacha swichi imewashwa mchana kutwa, tangi linajipasha tena na tena bila mtu kuoga.

Unataka kujua lako linapoteza kiasi gani? Fanya jaribio la usiku mbili. Usiku wa kwanza, maji yakishapata moto na watu wamemaliza kuoga, acha tangi limewashwa. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kulala na tena ukiamka. Usiku wa pili fanya hivyohivyo, lakini tangi likiwa limezimwa. Tofauti ya usiku hizo mbili ndiyo pesa unayoweza kuokoa. Kama ni ndogo, usikimbilie kununua mashine mpya. Zima tu tangi ukimaliza kuoga.

Yuniti moja inakugharimu pesa ngapi?

Fungua meseji ya tokeni ya mwisho. Utaona kiasi ulicholipa na yuniti ulizopata. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tuseme ulilipa Sh500 ukapata yuniti 18: kila yuniti imekugharimu karibu Sh28, kodi na ada zote zikiwa ndani. Kwa bei hiyo, zile yuniti 55 za watu wanne ni kama Sh1,540 kwa mwezi.

Tumia namba zako mwenyewe, kwa sababu ada za mafuta na nyinginezo hubadilika kila mwezi. Ukiwa umefuta meseji, huduma ya *977# ya Kenya Power hukuonyesha tokeni ulizonunua karibuni.

Angalia daraja lako

Hapa ndipo wengi hushtukia. Stima ya nyumbani ina madaraja matatu ya bei: hadi yuniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Daraja lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Ukipanda daraja, bei inapanda kwa yuniti zako zote, zikiwemo za taa na televisheni.

Tuseme unatumia yuniti 25 kwa mwezi na umekuwa ukipasha maji ya kuoga kwa gesi. Ukiweka shawa na watu wawili wakaoga dakika 5 kila siku, unaongeza karibu yuniti 27. Sasa uko 52. Miezi michache baadaye Sh500 ileile inaleta yuniti chache kuliko zamani, na unaanza kushuku mita. Mita haina shida. Umehama daraja. Kwa hivyo jumlisha yuniti za meseji zako za miezi mitatu, gawanya kwa tatu, kisha ongeza zile za shawa. Ukivuka 30 au 100, hiyo gharama iingize kwenye uamuzi.

Kabla hujalipa, kagua haya

*Nyaya.* Shawa ya kilowati 5.5 kwenye stima ya volti 240 inavuta ampea 23. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, kwa hivyo shawa haichomekwi kwenye soketi hata siku moja. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la stima, nyaya nene na swichi yake. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe.

*Ethi.* Hili si la kujadiliana bei. Stima na maji viko pamoja juu ya kichwa cha mtu aliyesimama miguu mitupu. Nyumba isiyo na waya wa ethi unaofanya kazi, usiweke shawa. Na kama tayari unayo na unahisi bomba likikutetemesha, hata kidogo, zima swichi kuu leo na uite fundi.

*Aina ya maji.* Maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji baridi ya mferejini, na hula waya wa kupashia. Nyumba nyingi za Mombasa, Kitengela na Syokimau hutumia maji ya kisima. Kama yako ni mojawapo, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Zile za maji ya kawaida ni za bei nafuu, lakini si salama hapo.

*Presha na nguvu ya stima.* Maji yakitoka kwa unyonge, shawa huenda isiwake. Stima nayo ikishuka jioni hadi volti 200, shawa inapoteza karibu thuluthi moja ya nguvu yake, na maji yanakuwa vuguvugu.

*Mwenye nyumba.* Ukiwa umepanga, ongea naye kwanza. Laini mpya ya stima hutaing'oa uende nayo ukihama.

Kwa hivyo, ubadilishe?

Badilisha kama mko wachache, mnaoga saa tofautitofauti, mnaoga haraka, na nyaya ziko sawa. Badilisha pia kama tangi limeanza kuvuja na ni lazima ununue kitu.

Baki na tangi kama familia ni kubwa na mnaoga kwa kufuatana, kama tangi lenu linapashwa na sola, au kama kubadilisha nyaya kutagharimu kuliko mashine yenyewe.

Baki na ndoo bila aibu kama uko chini ya yuniti 30 na bajeti imebana.

Ukiamua kununua, linda pesa yako

Andika gharama zote tatu kabla ya kwenda dukani: mashine, vifaa vya nyaya, na kazi ya fundi. Lipa kwa namba ya biashara, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Likitofautiana na la duka, simama. Usitume pesa yote kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye hujaona bidhaa yake. Fundi mpe pesa ya vifaa kwanza, na ya kazi baada ya kujaribu shawa ukiwepo. Meseji ya malipo ihifadhi pamoja na risiti, kwa sababu bila ushahidi wa tarehe ya kununua, warantii ni maneno matupu.

Wiki ya kwanza, soma mita kila jioni. Ikiwa tokeni zinakimbia kuliko ulivyopiga hesabu, anza na saa: hesabu dakika ambazo kila mtu anakaa bafuni.