Je, Jarida Lenu Liandike Juu ya Nini?

Kijana akishikwa na hamu ya kuandika, aghalabu hutaka kuandika juu ya kila kitu. Jarida la kwanza la klabu ya shule au la vijana wa mtaa huwa na siasa, kandanda, mapenzi, afya, dini na vichekesho. Toleo la kwanza husomwa na marafiki wote. La pili husomwa na nusu yao. La tatu halitoki kabisa. Mshika mawili moja humponyoka. Je, mshika kumi?

Msomaji mpendwa, mara nyingi watu husingizia uhaba wa pesa za uchapishaji. Lakini ugonjwa wenyewe huanza mapema zaidi, pale waandishi wanaposhindwa kupima upana wa mada yao.

Mzigo wa ngamia

Funzo moja zuri latoka Garissa. Mnamo Oktoba 1996, shirika la huduma za maktaba nchini Kenya lilianza kuwapelekea wafugaji wa huko vitabu kwa ngamia. Msafara wa kwanza ulikuwa na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu takriban 400, na mwingine akabeba hema la kusomea.

Vitabu 400 ni rafu chache tu za maktaba ya mjini. Kwa hiyo mkutubi alilazimika kujiuliza kabla ya kufunga kamba: ni nani anayetungoja huko mbele, naye anahitaji nini? Mwandishi naye ana ngamia wake. Kurasa ni chache, na muda baada ya masomo ni mchache zaidi.

Kati ya bahari na kisima

Tuseme mwanafunzi anaishi Waberi, mjini Garissa. Akiandika habari za Kenya nzima, atashindana na magazeti ya Nairobi, nayo yana waandishi kila pembe. Akiandika habari za Garissa, Wajir na Mandera kwa pamoja, hiyo ni nchi pana asiyoweza kuizunguka kwa miguu. Na akijibana mno, aandike juu ya bei ya mbuzi peke yake, ataishiwa na maneno kabla ya mwezi kwisha.

Sasa na achague soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe nchini. Hiyo ni mada moja, lakini ina milango mingi. Dalali hupata riziki yake vipi? Ni mbuzi wangapi huuzwa ili mtoto mmoja alipiwe karo? Akina mama wauzao maziwa ya ngamia huyapata wapi wakati wa kiangazi? Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya kwenda Nairobi pale Madogo, wafanyabiashara wa ng'ombe walifanyaje? Mwandishi atafika kwenye ukame, elimu na biashara bila kutoka nje ya mada yake.

Njia nyingine ni kumchagua msomaji kwanza. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa. Aliwaandikia Waislamu wenzake, na kwa kuwa alijua anasema na nani, aliweza kuzungumzia elimu, malezi na mila bila gazeti kupoteza njia.

Nani ataandika?

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuchagua karibu na nyumbani. Watu wa mbali hulisikia jina la Garissa siku za msiba: ukame, mafuriko, au shambulio la Aprili 2, 2015 katika chuo kikuu mjini humo, lililoua watu 148. Habari hizo ni za kweli na hazifai kusahauliwa. Hata hivyo, kati ya msiba na msiba watu huamka, hununua, huuza, huoa na kusomesha watoto. Mkaazi wa Waberi asipoyaandika hayo, mgeni wa siku mbili atayaandika kwa haraka, au yatapita bila kuandikwa.

Basi kabla ya kuanza jarida, kaeni chini na kalamu. Andikeni vichwa vya makala 12. Mkikwama kwenye cha tano, mada ni nyembamba. Ipanueni hatua moja. Vikija 50 visivyohusiana, ipunguzeni. Kisha mtajeni msomaji mmoja: ni mama mwenye duka, mwanafunzi wa kidato cha pili, au mfugaji aliyeleta ng'ombe sokoni? Mwisho, jiulizeni kama kuna mwingine awezaye kuyaandika hayo vizuri kuwashinda. Kama yupo, mwachieni.

Na mkishachagua, vumilieni angalau matoleo matatu. Msomaji hurudi pale anapojua atakachokikuta.