Mapambo ya Bibi Arusi ni Akiba Yake

Mtu akihudhuria arusi katika mji wa Garissa, ukingoni mwa mto Tana, jambo la kwanza litakalomvuta macho ni dhahabu aliyopambwa bibi arusi: kidani kifuani, bangili mikononi, vipuli masikioni na pete vidoleni. Mgeni huweza kudhani kwamba hayo ni mapambo ya siku moja tu. Sivyo. Katika nchi ya Kaskazini Mashariki pambo la mwanamke ni mali yake, nalo lina historia ifaayo kujulikana.

Wanawake wa zamani walivaa zaidi fedha na shanga za kaharabu. Kaharabu si jiwe, bali ni utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini. Nyingi yake ilitoka pwani ya bahari ya Baltiki huko Ulaya, ikaletwa na wafanya biashara mpaka Pembe ya Afrika. Fedha nayo ilipatikana katika reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Ijapokuwa malkia huyo alikwisha kufa, sarafu yake iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule 1780, maana watu wa Uarabuni, Uhabeshi na Usomali walikuwa wameizoea na kuiamini. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28, na fedha safi ndani yake ilizidi gramu 23. Wafua fedha waliziyeyusha wakafanya vikuku, mikufu na vikasha vidogo vya kuvaa shingoni. Wasomali hukiita kikasha hicho xirsi, na neno hilo ni ndugu wa hirizi yetu, kwa kuwa yote mawili yametoka katika Kiarabu.

Kwa nini wafugaji wakayapenda mapambo ya namna hii? Familia ihamayo na ngamia wake haiwezi kubeba masanduku ya mali, lakini kidani huhama pamoja na shingo iliyokivaa. Tena mifugo hufa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano zilikosekana mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Garissa, Wajir na Mandera ziliumia sana. Ng'ombe aliyekufa hana bei, bali bangili ya dhahabu haioni kiu.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna yarad, yaani mali itolewayo na upande wa bwana arusi kwa jamaa za msichana. Na kuna meher, ndiyo mahari ya sheria ya Kiislamu, ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Si ya baba yake, wala ya kaka yake, wala ya mumewe. Huweza kuwa mifugo, fedha taslimu au dhahabu. Mara nyingi hutajwa mbele ya mashahidi, kisha hubaki deni. Mume akifa, deni hilo hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote.

Siku hizi vijana huvishana pete pia. Pete si sharti la nikahi; yatakiwayo ni ridhaa, walii, mashahidi na mahari. Desturi ya pete ya ndoa ilitoka kwa Warumi wa kale, ikaenea Ulaya. Hata huko, iko pete ifananayo na vidani vya mama zetu. Karibu na mji wa Galway, katika Ayalandi, palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Claddagh. Pete ya huko, iliyoanza kutengenezwa karibu na mwaka 1700, ina mikono miwili ishikayo moyo wenye taji: mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, na taji ni uaminifu. Kwa desturi mama humrithisha binti yake.

Basi, wasomaji, kwa kuwa pambo ni akiba, litunzwe kama akiba. Mnunuapo dhahabu tazameni chapa yake: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Dai stakabadhi yenye uzito, na kumbuka kwamba ujira wa sonara haurudi siku ya kuuza.

Na lililo kubwa zaidi: meher iandikwe, kiasi chake na aina yake, na mashahidi watie sahihi. Mahakama za Kadhi, zilizotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, husikiliza mashauri ya ndoa, talaka na urithi ya Waislamu. Lakini mjane asiye na karatasi atapata taabu kuthibitisha deni ambalo mashahidi wake wamekwisha kufa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aozaye binti na aandike siku ile ile, kabla wageni hawajatawanyika.