Kabla ya Polishi: Sayansi ya Kusafisha Rangi ya Gari

Rangi ya gari iliyopigwa kiwandani, tabaka zake zote zikijumlishwa, kwa kawaida haizidi sana unene wa milimita 0.15. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, iwe nyeupe, nyeusi au ya fedha. Juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa. Ndani yake zimo pia kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno ya jua, ili isiharibu rangi iliyo chini. Unene wake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Polishi yenye chembe za kusugulia hufuta mikwaruzo kwa kuila klia mpaka uso ushuke usawa wa mkwaruzo. Fundi mwangalifu huondoa mikroni chache tu kwa safari moja, lakini kombaundi, yaani polishi kali, huondoa zaidi. Kilichoondoka hakirudi. Klia ikishakonda kupita kiasi, jua letu huimaliza, ikaanza kupauka na kubanduka kwenye boneti na juu ya paa. Kwa hiyo swali la maana si polishi gani inayong'arisha zaidi, bali ni jinsi ya kuifikisha rangi mahali ambapo polishi kidogo itatosha, au haitahitajika kabisa. Jibu liko kwenye usafi.

Mchanga na kitambaa

Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatzi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi iko kwenye 7, juu ya kioo cha dirisha na juu ya chuma cha kawaida. Klia ni plastiki. Hata iwe ngumu vipi, haiwezi kushindana na kwatzi. Anayepitisha dasta kavu juu ya gari lenye vumbi anaisugua klia kwa mchanga, na kila mkono unapozunguka huacha mikwaruzo myembamba.

Mikwaruzo hiyo huonekana jua linapopiga gari jeusi: mizunguko kama utando wa buibui, na kitovu chake ni taswira ya jua. Ukisogea, utando nao unasogea. Hii ni kwa sababu mikwaruzo imetapakaa pande zote, lakini inayorudisha mwanga kwenye jicho lako ni ile tu iliyolala kukingama na mwelekeo wa miale. Iliyobaki ipo, ila haionekani kutoka hapo uliposimama.

Ndiyo maana kazi huanza na maji peke yake. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa, kwa sababu bati jeusi lililokaa juani huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na sabuni hukaukia pale pale. Maji ya mpira au ya mashine ya presha yaondoe mchanga kabla mkono haujagusa kitu. Kisha ije shampuu ya gari. Molekuli za sabuni zina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Huuzunguka uchafu, huunyanyua na kuuacha ukielea, na utelezi wake huupa mchanga nafasi ya kuteleza badala ya kukwaruza. Sabuni ya unga ya kufulia haifai hapa. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo, ina magadi mengi, na huiondoa nta iliyokuwa ikilinda rangi.

Ndoo ziwe mbili: moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji au glavu ya kuoshea kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Ukitumia ndoo moja, mchanga uliotoka kwenye mlango wa chini unarudi kwenye boneti. Osha kutoka juu kwenda chini, na kitambaa cha magurudumu kisipande kwenye bodi.

Unachokihisi baada ya kuosha

Gari likishaoshwa na kuonekana safi, vaa glavu nyembamba ya plastiki na upitishe vidole taratibu juu ya boneti likiwa bado limelowa. Mara nyingi utahisi ukwaru. Plastiki hupunguza msuguano wa ngozi, hivyo vinundu vidogo hujitokeza. Vidole vya binadamu ni vyepesi kuhisi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa KTH, chuo kikuu cha teknolojia cha Stockholm, Sweden, waliripoti kuwa kidole kinachopita juu ya uso kinaweza kutofautisha mikunjo yenye kimo cha nanomita 13 tu. Hizo ni ndogo mara maelfu kuliko unene wa klia.

Vinundu hivyo si vya aina moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kila mlango kwa ufunguo wake. Kilichonasa kwa kemia kiondolewe kwa kemia kwanza, nguvu ya mkono ije mwisho.

Tuanze na chuma. Dereva anapokanyaga breki, diski husagika na kurusha chembe za chuma zilizo moto, ambazo hujichomeka kwenye klia. Baadaye hushika kutu. Kwenye gari jeupe utaona vidoa vidogo vya rangi ya chungwa, na mwenye gari huogopa kwamba bodi inaoza, kumbe kutu iko juu ya rangi. Magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa yameshatembea miaka mingi huko Japani, na hufika na chembe hizi. Dawa ya kuziondoa mara nyingi hutumia chumvi za asidi ya thioglikoliki, ambazo hushikamana na chuma na kukigeuza kitu kinachoyeyuka katika maji. Zinapokutana nacho hugeuka zambarau, na kwa rangi hiyo unaona mahali kazi inapofanyika. Harufu yake kali wengi wanaijua, kwa sababu jamii hiyo ya kemikali hutumika pia kwenye dawa za kukunja nywele na krimu za kuondolea nywele. Vaa glavu, fanyia kazi penye hewa, usiiache ikauke, na suuza kwa maji mengi.

Lami ni jambo jingine. Imetokana na mafuta ghafi, hivyo maji hayaigusi, lakini ndugu zake wa petroli huiyeyusha. Dawa ya kutolea lami inafaa. Kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo nacho kinafaa kwenye rangi ya kiwandani, mradi hapana moto karibu na pale palipoguswa paoshwe tena kwa shampuu. Rangi iliyopigwa gereji hivi karibuni isiguswe na mafuta hayo, kwa kuwa huenda haijakauka hadi ndani.

Maji yenyewe huacha alama. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki kama duara jeupe. Chokaa hukubali asidi nyepesi, kwa hiyo siki iliyozimuliwa kwa maji, ikiachwa muda mfupi kisha ikasuuzwa, huondoa alama changa. Dawa bora zaidi ni kulikausha gari kwa taulo laini kabla jua halijalikausha.

Halafu kuna kunguru, ambao Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wamejaa juu ya kila mwembe. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na jua huharakisha madhara yake kwenye klia. Kikikauka, kisikwanguliwe kamwe, kwa maana ndani mna mchanga na mabaki ya mbegu. Weka kitambaa chenye maji juu yake, kiache kilainike, kisha kinyanyue. Alama iliyokwisha kula klia haitoki kwa kuosha. Hiyo ndiyo kazi halali ya polishi.

Donge la klei

Kinachobaki baada ya dawa zote hizo huondolewa kwa klei, donge laini linalofinyangika ambalo lilianzia kwa Wajapani na kuenea Marekani katika miaka ya 1990. Licha ya jina lake, klei hii hutengenezwa kwa plastiki laini iliyochanganywa na chembe ndogo mno za kusugulia. Hupitishwa juu ya uso uliolowa maji ya shampuu, kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Kinundu kilichochomoza hukatwa au hunaswa na donge, huku uso ulio sawa ukiteleza salama juu ya maji. Likichafuka, likunje upate upande safi. Likianguka chini, litupe, kwa sababu limeshabeba mchanga.

Jua pia kwamba klei yenyewe huweza kuacha ukungu wa mikwaruzo midogo, hasa kwenye rangi nyeusi. Kwa hiyo itumike pale vidole vilipohisi ukwaru, si kila wiki.

Sasa ndipo uimulike rangi kwa taa na kuamua kama inahitaji polishi. Jaribu polishi nyepesi kwenye kipande kidogo cha boneti. Ikitosha, usipande kwenye kombaundi kali. Ukimaliza, pangusa kwa spiriti ya isopropili iliyozimuliwa, maana mafuta ya polishi hufunika mikwaruzo na kukudanganya. Pia huizuia nta kugusa rangi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko kaskazini mashariki mwa Brazili, hushikilia kile inachokigusa. Ukiipaka juu ya mafuta na vumbi, itaondoka navyo.

Hatua hizi hazihitaji mtambo wa gharama. Zinahitaji maji, ndoo ya pili, dawa inayolingana na uchafu, na subira. Kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo wa gari lako, muulize atasafisha kwa kutumia nini, atajuaje kwamba rangi imekuwa safi, na ataanza na polishi gani. Anayekujibu kwa kutaja kombaundi kwanza, chukua ufunguo wako utafute fundi mwingine.