Mshipa Upi? Istilahi na Ridhaa ya Mgonjwa katika Uwekaji wa Katheta ya Vena Kuu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza madhara yanayoweza kutokea wakati wa kuweka katheta ya vena kuu na kuonesha jinsi neno mshipa linavyoficha mojawapo ya hatari zake. Yanapendekeza kwamba fomu za ridhaa zitumie istilahi vena na ateri, kila moja ikiambatana na ufafanuzi mfupi.

1.0 Utangulizi

Katheta ya vena kuu ni mpira mwembamba unaopitishwa katika vena ya shingoni, ya chini ya mtulinga au ya kinena, hadi kwenye vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Huwekwa kwa mgonjwa mahututi anayehitaji dawa kali, kwa anayepewa tibakemikali, na kwa anayesafishwa damu baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Njia inayotumika sana inatokana na ile aliyoieleza Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953: sindano hutangulia, waya mwongozo hupita ndani yake, sindano huondolewa, kisha katheta hufuata waya. Kabla ya hatua hizo, isipokuwa katika dharura, mgonjwa au ndugu zake hutakiwa kuridhia. Ridhaa hiyo ina thamani iwapo tu hatari zimeeleweka.

2.0 Madhara yenyewe

Madhara hugawanyika katika makundi matatu. La kwanza hutokana na uwekaji: sindano kutoboa ateri badala ya vena, hewa kuvuja na kunaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, au waya kugusa moyo na kuvuruga mapigo yake. La pili ni maambukizi ya damu, na la tatu ni damu kuganda kuzunguka katheta. Katika mapitio yao, McGee na Gould (2003) walieleza kuwa zaidi ya asilimia 15 ya wagonjwa hupata dhara mojawapo. Katika njia ya shingoni, ateri hutobolewa kwa asilimia 6.3 hadi 9.4, katika njia ya chini ya mtulinga, hewa hunaswa kifuani kwa asilimia 1.5 hadi 3.1. Ultrasaundi, inayomwezesha daktari kuiona vena anapochoma, imepunguza hatari ya kutoboa ateri bila kuiondoa kabisa.

3.0 Neno moja, maana nyingi

Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni vena, ni ateri, ni neva, na pengine ni maradhi ya ngiri. Hali hiyo haiko katika Kiswahili pekee: umutsi katika Kinyarwanda na Kirundi hubeba vena, ateri na neva vilevile. Hivyo msikilizaji anayetumia Kiswahili kama lugha ya pili huenda asipate msaada katika lugha yake ya kwanza.

Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha kuondoa utata. Katika fomu ya ridhaa hautoshi. Sentensi "sindano inaweza kutoboa mshipa" haitaji hatari yoyote, kwa kuwa kutoboa mshipa ndilo lengo la kazi yenyewe. Kadhalika, "hewa inaweza kuingia kwenye mapafu" hueleza jambo ambalo kila mtu hulifanya kwa kila pumzi. Mgonjwa akiyasikia maelezo haya atakubali, lakini atakuwa amekubali asilolijua. Ateri ikitobolewa kisha shingo ikavimba damu, ndugu watauliza kwa nini hawakuambiwa, ilhali daktari ataamini kwamba aliwaambia.

4.0 Mapendekezo

Kwanza, fomu zitumie vena na ateri, istilahi ambazo tayari zimo katika ufundishaji wa biolojia kwa Kiswahili, pamoja na ufafanuzi: vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni, ateri ni mshipa unaopiga, unaotoa damu moyoni. Sifa ya kupiga inafaa kwa sababu kila mtu anaweza kuihisi kwa kidole kwenye kifundo cha mkono.

Pili, hatari ielezwe kwa mahali na matokeo: "hewa inaweza kunaswa nje ya pafu, ikalibana, na mgonjwa akashindwa kupumua vizuri."

Tatu, kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Swali "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" kwa heshima tu.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iongoze ulinganishaji wa istilahi hizi, ili mgonjwa anayevuka mpaka kutafuta tiba aelezwe hatari ileile kwa maneno yaleyale.

5.0 Hitimisho

Utata wa mshipa si upungufu wa Kiswahili, kwani lugha inayo maneno ya kuutatua. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuyaweka maneno hayo katika karatasi anayotia sahihi mgonjwa. Uamuzi huo uko mikononi mwa wizara za afya na hospitali, na gharama yake ni ndogo.