Betri Kwanza, Gari Baadaye

Sogeeni hapa, wanangu. Nyinyi huniuliza: kama magari ya umeme ni mazuri hivyo, mbona kampuni nyingi zinazoyatengeneza zinafilisika? Na mbona mtaani kwetu hayaonekani? Swali lenu ni la kibiashara, lakini jibu lake lina vituko kama hadithi yoyote.

Tuanze na Bi Clara. Mumewe alikuwa Henry Ford wa Detroit, Marekani, yule aliyeijaza dunia magari ya petroli aina ya Model T. Mwaka 1914 Bi Clara mwenyewe alikuwa akitembelea gari la kampuni nyingine kabisa, Detroit Electric, gari la betri. Msishangae, magari ya umeme si mageni duniani. Mtu wa kwanza kuvuka kasi ya kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, Mbelgiji Camille Jenatzy, alifanya hivyo mwaka 1899 kwa gari la umeme. Gari la petroli la siku zile lilinuka na kutetemeka, na kuliwasha ulipaswa kuzungusha hendeli kwa nguvu zako zote. Hendeli ikirudi nyuma ghafla, mkono umevunjika. La umeme unapanda tu na kuondoka.

Kilichofuata kinachekesha kidogo. Mwaka 1912 Cadillac walianza kuuza magari ya petroli yanayowashwa kwa stata, yaani mota ndogo ya umeme. Hendeli ikaenda zake. Umeme wenyewe ndio uliomwondolea mpinzani wake aibu yake kubwa! Lakini pigo lenyewe lilikuwa la bei. Model T ilianza kuuzwa mwaka 1908 kwa dola 850. Kufikia 1925 ilikuwa imeshuka hadi dola 260. Gari kama la Bi Clara liliendelea kuwa ghali mara kadhaa ya hapo, betri zake zilikuwa nzito, na safari ndefu hazikuwezekana.

Ford aliwezaje kushusha bei namna ile? Hapa nitawapa mfano wa maandazi, na msikilize vizuri kwa sababu ndio ufunguo wa hadithi nzima. Tuseme jirani yetu amenunua karai, jiko na meza kwa shilingi 100,000. Akikaanga maandazi 100 tu kisha akaacha, kila andazi limebeba shilingi 1,000 za vyombo, hata kabla hujahesabu unga na mafuta. Nani atalinunua? Akikaanga 100,000, kila andazi limebeba shilingi moja. Vyombo ni vilevile, andazi ni lilelile. Kiwanda cha magari ni karai la mabilioni ya dola, na ukishalinunua huna ruhusa ya kukaanga kidogo.

Ruka miaka mingi, tua California mwaka 2003. Wahandisi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning, wanaanzisha Tesla. Mwaka unaofuata Elon Musk anaingia na fedha zake, na baadaye anashika uongozi. Gari walikuwa nalo kichwani. Betri hawakuwa nayo. Wakachukua betri ndogondogo za aina ile inayotumika kwenye kompyuta za mkononi, wakaunganisha zaidi ya 6,800 ndani ya gari moja. Gari hilo, Roadster, lilitoka mwaka 2008 kwa bei ya kama dola 100,000, na mpaka linaachwa yalikuwa yameuzwa 2,450 hivi. Mnaona maandazi yalivyo machache?

Mwishoni mwa 2008 kampuni ilikuwa ukingoni kabisa, na fedha za kuiokoa zilipatikana mkesha wa Krismasi. Mwaka uliofuata kampuni ya magari ya Daimler ya Ujerumani ikatia dola milioni 50. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ikaikopesha dola milioni 465, mkopo uliolipwa wote mwaka 2013. Kisha likaja gari la watu wa kawaida kidogo, Model 3, mwaka 2017. Lengo lilikuwa magari 5,000 kwa wiki. Musk alijaza roboti kiwandani mpaka zikawa zinakwamishana, akakiri hadharani kwamba amezidisha, na mwaka 2018 wakasimamisha hema kubwa nje ya kiwanda cha Fremont, wakaunganisha magari humo humo. Mwisho wa Juni mwaka huo magari 5,000 kwa wiki yakafika.

Faida ya kwanza ya mwaka mzima ilipatikana mwaka 2020, miaka 17 tangu kampuni izaliwe: dola milioni 721. Lakini fungueni daftari la hesabu muangalie fedha zilitoka wapi. Katika mwaka huohuo Tesla ilipata dola bilioni 1.58 kwa kuuza vibali. Wakati ule serikali za California na kwingineko ziliwaambia watengenezaji wa magari: sehemu fulani ya magari yenu isiwe ya kutoa moshi. Aliyeshindwa alinunua vibali kwa aliyezidisha. Maana yake, watengenezaji wa magari ya petroli ndio waliomlipa mpinzani wao! Ukiziondoa fedha hizo, mwaka 2020 ulikuwa wa hasara. Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa yamebadilika, faida ikafika dola bilioni 12.6, na safari hiyo magari yenyewe ndiyo yaliyoileta sehemu kubwa.

Sasa twende China, kwa mtu ambaye mimi humpenda zaidi katika hadithi hii, pengine kwa sababu alianzia nyuma. Wang Chuanfu alizaliwa mwaka 1966 katika familia ya wakulima, akafiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na kaka na dada zake. Akasoma kemia. Mwaka 1995 alikopa yuani milioni 2.5 kwa binamu yake, akaanzisha BYD mjini Shenzhen, kutengeneza betri za simu. Mashine za Wajapani zilikuwa ghali, basi kazi akaigawa vipande vidogo vidogo vya kufanywa kwa mikono. Mwaka 2003 akanunua kiwanda cha magari kilichokuwa kikisuasua. Wawekezaji wakanuna, hisa zikaporomoka: muuza betri za simu anajua nini kuhusu magari?

Alichojua ni betri, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lote. Katika gari la umeme, betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote. Mwaka 2010 betri yenye uwezo wa kutunza uniti moja ya umeme, ile mnayonunua kwa luku au tokeni, iligharimu zaidi ya dola 1,000. Gari la kawaida linahitaji uniti 50 na zaidi, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Kufikia 2024 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 115 hivi. Anayenunua betri humlipa muuzaji pamoja na faida yake. Anayeitengeneza mwenyewe hubaki na faida hiyo mfukoni.

Wang akaenda mbali zaidi, akashikilia betri za chuma na fosfeti zisizotumia madini ya kobalti wala nikeli. Kama unanisoma ukiwa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hili linakuhusu: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini humo, na betri za namna hiyo zikienea, mnunuzi wa mawe yenu atakuwa na la kusema mezani. Mwaka 2022 BYD iliacha kutengeneza magari yanayotumia petroli pekee. Mwaka 2023 ikatoa gari dogo, Seagull, kwa chini ya yuani 80,000. Miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo ikauza magari yanayotumia betri pekee mengi kuliko Tesla. Serikali ya China nayo ilisaidia, tusiseme uongo. Kwa zaidi ya miaka kumi iliwapa wanunuzi ruzuku.

Waliobaki? Wengi ni kilio. Mwishoni mwa 2023 Rivian ya Marekani ilikuwa ikipata hasara ya zaidi ya dola 40,000 kwa kila gari. Idara ya magari ya umeme ya Ford ilipoteza dola bilioni 4.7 mwaka huo. Fisker ilifilisika 2024, na WM Motor ya China kabla yake. Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali lenu ni hili: faida ipo, ila ni ya wachache wenye karai kubwa na betri ya bei nafuu, na wengine watakufa njiani.

Nusu ya pili hutegemea mahali ulipo. Nchini Norway karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, kwa kuwa kwa miaka mingi la petroli lilitozwa kodi nzito na la umeme likasamehewa. (Na Norway ni muuzaji mkubwa wa mafuta! Mafuta huwauzia wengine.) Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa sababu ina umeme wa maji ilhali mafuta huyanunua nje kwa dola. Sisi wengine wa Afrika Mashariki hununua gari lililokwisha kutumika Japani, na Japani yenyewe imechelewa katika magari ya betri. Tutakachonunua mwakani ni walichokuwa wakiendesha Wajapani miaka kadhaa iliyopita.

Kwetu umeme umeingia kwa mlango mwingine. Kampuni iitwayo Better Place ilijaribu nchini Israeli kumuuzia mtu gari bila betri: betri ikiisha unaenda kituoni kubadilishiwa. Ilifilisika mwaka 2013, kwani magari yalikuwa machache na kituo cha kubadilishia betri kubwa ya gari ni ghali mno. Wazo hilohilo sasa liko Kigali kwenye pikipiki za Ampersand. Betri ya pikipiki huinuliwa kwa mikono, na motari, yaani dereva wa bodaboda, hutembea kutwa nzima, kwa hiyo betri haikai bure. Nairobi nako BasiGo humuuzia mwenye matatu basi kwa bei isiyo na betri, kisha betri na chaji anavilipia kwa kila kilomita. Mabasi ya kwanza waliyoyaleta, mwaka 2022, yalitengenezwa na BYD.