Mahdi wa Sinema na Mchanga wa Kwale

Neno Mahdi si neno la kuchezea kwa Mwislamu wa pwani hii. Amelisikia tangu utotoni kwa maalim wake chuoni, amelisikia katika mawaidha ya Ramadhani, na anajua kwamba huyo ni mtu wa siku za mwisho, si wa kungojewa kwa kukata tikiti. Sasa basi, mtu huyo huyo akiketi mbele ya televisheni akamwona kijana wa Kizungu, nywele zake mawimbi mawimbi, amezungukwa na umati jangwani, na umati unapaza sauti kumwita Mahdi, afanye nini? Acheke? Aghadhibike? Ama atulie aone mwisho wake?

Swali hilo ndilo lililowagawanya watazamaji wa picha iitwayo Dune, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2021 na ya pili mwaka 2024. Kikoneni hakuna jumba la sinema. Hata Regal na Majestic za Mombasa, ambazo wazee wetu walivuka feri kwenda kutazama picha za Kihindi, zimebaki kuwa majina tu. Lakini picha hufika. Hufika kwa simu, hufika kwa flashi iliyonakiliwa Ukunda, na hufika kwa vibanda vya video ambavyo kiingilio chake ni chepesi na benchi lake ni gumu. Na picha ikishafika, ubishi nao haukosi kuifuata, hasa baada ya Isha, kahawa inapozunguka.

Kwa asiyeitazama, kisa chenyewe ni hiki. Kuna sayari ya jangwa tupu iitwayo Arrakis. Mchanga wake una kiungo chenye thamani kupita dhahabu, kwani bila kiungo hicho vyombo vya angani haviwezi kusafiri. Wenyeji wake, Fremen, wanaishi mapangoni huku wageni wenye nguvu wakipokezana kuichimba nchi yao. Paul, mwana wa mtawala mmoja katika hao wageni, anakimbilia kwa wenyeji baada ya baba yake kuuawa. Anajifunza mila na vita vyao, na mwishowe wengi wao wanaamini kwamba yeye ndiye waliyemngoja miaka yote. Mtungaji wa kisa hiki ni Mmarekani, Frank Herbert, aliyekichapisha kitabuni mwaka 1965. Aliyekitia katika picha safari hii ni Denis Villeneuve wa Kanada.

Wapo wasiotaka kusikia lolote la kuitetea picha hii, na hoja yao si nyepesi. Dini, wasema, imefanywa pambo. Hebu yasikilize majina yenyewe. Ukimwacha huyo Mahdi, kuna Lisan al-Gaib, jina ambalo hata asiyejua Kiarabu atalifumbua, maana sisi tuna lisani katika tenzi zetu na ghaibu katika mazungumzo yetu ya kila siku. Kuna Muad'Dib, ambalo ni ndugu wa damu wa neno adabu. Kwa Kiarabu ni yule anayewafunza watu adabu. Katika picha hii ni panya wa jangwani, na Paul analichukua jina hilo likawa lake. Panya!

Kisha kuna suala la maiti. Kwa Fremen, mtu akifa hunyonywa maji yote yaliyomo mwilini, yakahifadhiwa yawe ya kabila zima, kwa sababu jangwani hakuna tone la kupoteza. Watu wa hapa, jambo la mwisho kumfanyia maiti kabla ya sanda ni kumwosha. Wao humpa maji, hawamnyang'anyi. Mtazamaji anayeinuka akatoka kibandani papo hapo mimi simshangai.

Upande wa pili, ambao wengi wao ni vijana waliosoma sekondari na kuendelea, wanajibu kuwa wenzao wametoka kabla picha haijasema neno lake. Mahdi huyu ni wa uongo, na picha yenyewe inakwambia hivyo. Lipo kundi la wanawake wenye siri nzito, Bene Gesserit, ambao zamani sana walikwenda kupanda utabiri kwa wenyeji ili siku moja mtu wao apate pa kujishikiza. Utabiri ule ni mtego. Chani, msichana wa Fremen anayempenda Paul, anautambua mtego huo na anakataa kupiga goti wakati wenzake wote wamepiga. Herbert mwenyewe alieleza zaidi ya mara moja kuwa alitaka kuwaonya watu wasimfuate kiongozi kwa kufumba macho. Isitoshe, sehemu ya tatu imetangazwa kutoka Desemba 2026, nayo inatokana na kitabu chake cha mwaka 1969, ambamo vita vilivyopiganwa kwa jina la Paul vimekwisha kuangamiza watu kwa mabilioni. Huyo ni Mahdi gani?

Vijana hawa wana historia pia ya kuegemea. Huko Sudan, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, na Januari 1885 majeshi yake yakauteka mji wa Khartoum. Wanazuoni wengi wa zama zake waliyakataa madai yake. Kwa hiyo swali la nani mkweli na nani mzushi halikuzuliwa na watu wa sinema. Waislamu wamelijadili wenyewe kwa wenyewe, tena kwa damu. Herbert alichota pia katika vita vya Imam Shamil dhidi ya Warusi huko Kaukasi, ambavyo Lesley Blanch alivisimulia katika kitabu cha mwaka 1960.

Mimi kwa upande wangu naona vijana wamekisoma kisa sawasawa. Hata hivyo, kuna jambo moja wanalolipita mbio. Wenye maneno wako wapi? Neno jihadi, lililomo mara nyingi katika kitabu cha 1965, picha imeliondoa ikaweka "vita vitakatifu". Jangwa lilipigwa picha Wadi Rum huko Jordan na katika mchanga wa Abu Dhabi. Lakini wakubwa wa Fremen ni Javier Bardem, Mhispania, na Zendaya, Mmarekani. Souheila Yacoub, ambaye baba yake ni Mtunisia, alipata nafasi katika sehemu ya pili, nayo si nafasi kubwa. Mchanga ni wa Waarabu, maneno ni ya Waarabu, lakini wasemaji wakuu ni wengine. Wahakiki Waislamu huko Marekani walilalamika kuhusu jambo hili, na walikuwa na haki.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1983 ilitoka picha ya Return of the Jedi, na ndani yake mna rubani wa ajabu mwenye mashavu yaliyolegea, aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilitiwa na mwanafunzi wa Kenya, Kipsang Rotich, naye alisema Kikuyu na Kikalenjin. Kwa dunia nzima ile ilikuwa lugha ya viumbe wa nyota za mbali. Kwa watazamaji wa Kenya ilikuwa lugha ya jirani yao. Nadhani waliotengeneza picha ile hawakufikiri kuwa mwenye lugha angekuja kuketi ukumbini.

Lakini lipo kundi la tatu, nalo ni la watu wa Kwale hasa. Hawa hawakushughulika sana na Mahdi. Walitazama mitambo.

Jina la Dune maana yake ni tuta la mchanga uliorundikwa na upepo. Mchanga uliochimbwa Maumba na Nguluku na kampuni ya Base Titanium ulikuwa matuta ya namna hiyo hiyo, matuta ya kale sana. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini yanayotumika katika rangi na vigae. Familia zilihamishwa kupisha kazi. Shehena ya kwanza iliondoka kwa meli Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kuuosha mchanga kulitaka maji mengi, na likajengwa bwawa katika mto Mukurumudzi. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, mtambo wa Arrakis ukitokea ukiula mchanga usiku na mchana, haambiwi kuwa hayo ni mambo ya kubuni.

Na hapo tena hawakubaliani! Waliopata kazi mgodini, au waliosomeshewa watoto kwa fedha zake, wanasema ulinganisho huo ni dhuluma, kwani hakuna Fremen aliyelipiwa karo. Wengine wanauliza karo ile italipwa na nani sasa mgodi umefungwa. Kisha jicho linageuka Mrima, kilima chenye msitu wa kaya, ambacho chini yake kuna niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa na dunia nzima. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013, na madai yake dhidi ya serikali yakashindwa katika baraza la kimataifa mwaka 2018. Madini bado yako palepale.

Ingekuwa mimi ndiye mwenye kibanda, ningeionyesha Dune na siku ya pili yake ningeionyesha Pumzi. Hii ni picha fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, dakika kama 20 tu, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka uliofuata. Vita vya maji vimekwisha, ardhi imekufa, watu wamejifungia ndani wakinywa jasho lao na mkojo wao uliosafishwa. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, kisha anatoroka kwenda kuutafutia mche mahali pa kuota. Mwisho wake anaupa mche maji yote aliyo nayo na jasho lake pia. Wapo wanaoiona picha hii kuwa ya polepole, wasipende kuwa msichana anakufa. Lakini aliyepanga foleni na mtungi wakati wa kiangazi hatahitaji kuelezwa.

Ila jina lake ni la Kiswahili na maneno machache yaliyomo ni ya Kiingereza. DJ Afro na wenzake wamezipigia kelele za Kiswahili picha za Bombay na za Hollywood, wakaziongezea vichekesho visivyokuwamo, na watu wakafurahi. Dakika 20 ni kazi ya alasiri moja.