Arifa za Msukumo katika Programu za Wavuti: Safari ya Ujumbe na Suala la Faragha katika Huduma za Umma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu ya wavuti inavyoongezewa arifa za msukumo, yaani ujumbe mfupi unaotokea kwenye skrini ya mtumiaji hata asipokuwa amefungua tovuti husika. Yanabainisha kuwa, ingawa maudhui ya ujumbe husimbwa, taarifa kuhusu safari yake hubaki mikononi mwa kampuni za vivinjari. Kwa hiyo, taasisi za umma zinahitaji mwongozo wa kisera sambamba na ujuzi wa kiufundi.

1. Utangulizi

Huduma nyingi za umma katika ukanda wetu huwakumbusha wananchi kwa SMS, ambayo humgharimu mtumaji kwa kila ujumbe. Arifa za msukumo hazitozwi kwa ujumbe mmoja mmoja, wala hazihitaji namba ya simu. Hata hivyo, humfikia tu mwenye simu janja na intaneti. Chrome ilianza kuziwezesha mwaka 2015 na Firefox mwaka 2016. Kwenye iPhone zilipatikana mwaka 2023 kupitia iOS 16.4, tena kwa tovuti zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo pekee. Kwa sababu hiyo, arifa hizi ni nyongeza ya SMS, si mbadala wake.

2. Safari ya arifa

Wahusika ni watatu: kivinjari cha mtumiaji, seva ya taasisi, na huduma ya usukumaji. Huduma hiyo huendeshwa na mwenye kivinjari: Google kwa Chrome, Mozilla kwa Firefox, Apple kwa Safari. Taasisi haina uwezo wa kuichagua.

Kwanza, tovuti yenye muunganisho salama wa HTTPS husajili hati ya JavaScript inayoweza kuamshwa hata ukurasa ukiwa umefungwa. Mtumiaji akiridhia, kivinjari hutoa anwani ya kipekee pamoja na ufunguo wa umma, na seva huvihifadhi. Wakati wa kutuma, seva husimba ujumbe kwa ufunguo huo kwa utaratibu wa RFC 8291, hujitambulisha kwa saini yake kwa utaratibu wa RFC 8292, kisha huutuma kwenye anwani ile. Kifaa kikipatikana hewani, huduma hukipelekea ujumbe. Kivinjari huufumbua na hati huonyesha arifa.

Kila ujumbe hubeba muda wa uhai unaohesabiwa kwa sekunde. Kikumbusho cha kliniki ya saa mbili asubuhi kikipewa uhai wa siku nzima, mgonjwa aliyezima simu anaweza kukipata jioni, miadi ikiwa imekwisha kupita. Aidha, seva ikijibiwa kuwa anwani haipo tena, yapasa kuifuta.

3. Ridhaa

Mtumiaji akikataa ruhusa, tovuti haiwezi kumwomba tena hadi yeye mwenyewe abadili mipangilio ya kivinjari. Tangu Januari 2020, Firefox huonyesha ombi hilo pale tu mtumiaji anapobofya mahali fulani kwenye ukurasa. Zaidi ya hayo, maneno ya ombi huandikwa na mwenye kivinjari, wala taasisi haiwezi kuyabadili. Hivyo basi, maelezo kwa lugha anayoielewa mwananchi sharti yatangulie: ataarifiwa nini, mara ngapi, na atajiondoaje.

4. Faragha na sera

Usimbaji huficha maudhui, lakini huduma ya usukumaji bado huona anwani ya mpokeaji, wakati, ukubwa wa ujumbe na utambulisho wa seva iliyotuma. Kwa mgonjwa wa kliniki maalumu, kujulikana kwa mtumaji pekee kwaweza kufichua ugonjwa. Hatari hii si ya kinadharia: Desemba 2023, Seneta Ron Wyden wa Marekani alieleza kwa barua kuwa serikali zilikuwa zikidai data za arifa za simu kutoka Apple na Google.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Zote zinagusa uchakataji au usafirishaji wa data nje ya nchi. Kwa mtazamo wa makala haya, anwani ya usajili inayounganishwa na akaunti ya mwananchi ihesabiwe kuwa taarifa binafsi.

5. Hitimisho na mapendekezo

Inapendekezwa kwamba taasisi za umma: (i) zitathmini athari za faragha kabla ya kuwasha arifa, (ii) zitume tangazo la jumla tu, kama vile "Una ujumbe mpya", na maudhui yasomwe baada ya kuingia kwenye akaunti, kwa kuwa simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa, (iii) zitumie jina la mtumaji lisilotaja kitengo nyeti, na (iv) zidumishe SMS kwa wasiofikiwa. Mamlaka za ulinzi wa data, kwa upande wake, zitoe mwongozo wa pamoja wa kikanda, kwani huduma za usukumaji zinazotumika katika nchi zetu ni zilezile.